Umevunjika taya? Tulia kabla ya kukimbilia antibiotiki

Boda imeteleza kwenye lami yenye mvua na umeangukia kidevu. Unainuka, unajipangusa vumbi, unahesabu meno kwa ulimi. Yote yapo. Unashukuru Mungu na kwenda kulala.

Asubuhi uso umefura kama andazi. Ukifunga mdomo, meno ya juu na ya chini hayakutani kama zamani. Mdomo wa chini umekufa ganzi. Unamtumia rafiki yako picha, naye anakujibu chapchap: "Pitia kwa kemisti uchukue antibiotiki, zitazuia usaha. Kesi kwisha."

Pole, lakini kesi haijaisha. Dalili hizo ni za taya lililovunjika, na hakuna tembe inayounga mfupa. Antibiotiki zinaua bakteria tu. Ukizimeza ukiwa nyumbani, unaweza kujidanganya kwamba umetibiwa, huku mfupa ukianza kushikana ukiwa umepinda.

Swali la maana ni hili: je, aliyevunjika mfupa wa uso anahitaji antibiotiki za kuzuia maambukizi? Jibu linategemea mfupa gani umevunjika, na wakati gani.

Anza na taya la chini, pale meno yanapokaa. Ufa ukipita hapo, mara nyingi unapitia kwenye shimo la jino na fizi inachanika. Yaani hata kama ngozi ya nje haina mkwaruzo, mfupa uko wazi ndani ya mdomo, na mate yaliyojaa bakteria yanaingia humo. Ndiyo maana daktari akikupokea na mvunjiko wa aina hii, kwa kawaida anakuanzishia antibiotiki mapema, ukisubiri upasuaji. Hapo dawa ina kazi ya kufanya.

Lakini mfupa wa shavu, pua, au mifupa inayozunguka jicho ni hadithi nyingine. Kama ngozi haijapasuka, maambukizi ni nadra, na tafiti hazijaonyesha kwamba kumeza antibiotiki kila siku kunaleta faida. Usishangae basi daktari akikuruhusu kwenda nyumbani na dawa za maumivu pekee. Hajakupuuza. Atafikiria tofauti kama kidonda kimeingia uchafu, kama umeng'atwa na mnyama au binadamu, au kama una ugonjwa unaopunguza kinga ya mwili, mfano kisukari.

Na je, baada ya upasuaji? Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Tunadhani operesheni kubwa inataka dawa za wiki nzima. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka wa 2016 unasema dozi ya kinga itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kisu kugusa ngozi, na isiendelezwe baada ya operesheni kumalizika kwa sababu tu ya kuzuia maambukizi. Mantiki ni rahisi: dawa inatakiwa iwe tayari ndani ya damu wakati mlango unafunguliwa. Ukishafungwa, kuongeza askari hakusaidii. Hata kwa waliovunjika taya, tafiti zilizolinganisha dawa za siku moja na za siku kadhaa baada ya upasuaji hazijaona faida ya kurefusha.

Utauliza, "Sasa nikiongeza siku tano, nitapoteza nini?" Utapoteza mengi. Kuna kuharisha, upele, na kwa wengine mzio unaoweza kuua. Halafu kuna usugu: bakteria wanazoea dawa, na siku utakapoihitaji kwelikweli, haifanyi kazi. Mwaka wa 2019 pekee, vifo takriban milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka wa 1928, alionya kuhusu hatari hii alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka wa 1945. Alihofia siku ambayo mtu yeyote angeweza kununua dawa hiyo dukani na kujipa dozi ndogo kupita kiasi. Huku kwetu sheria inataka uwe na karatasi ya daktari, lakini wewe na mimi tunajua jinsi tembe nne za "ile ya rangi mbili" zinavyouzwa mtaani bila swali.

Kwa hivyo ufanye nini? Fika hospitalini siku hiyo hiyo, upigwe eksirei au skani. Mwambie daktari kama una mzio wa penisilini, na uliza kuhusu sindano ya pepopunda ikiwa umechubuka. Ukiandikiwa antibiotiki, uliza maswali mawili: ni za nini, na nizimeze hadi lini? Ukishajua, fuata hivyo hivyo. Usikatize, usiongeze, na usimgawie mtu zilizobaki.

Mengine yako mikononi mwako. Sukutua kwa maji ya chumvi kila baada ya kula na upige mswaki taratibu, kwa sababu mdomo mchafu ni karamu ya bakteria. Weka sigara kando, maana inachelewesha kidonda kupona. Kunywa uji, supu na maziwa hadi daktari akuruhusu kutafuna. Na kama umeumia shavu au karibu na jicho, usipenge kamasi: hewa inaweza kusukumwa hadi nyuma ya jicho.

Rudi hospitalini bila kungoja miadi ukiona homa, usaha, uvimbe unaoongezeka badala ya kupungua, au ukipata shida kumeza au kupumua. Vivyo hivyo ukianza kuona vitu viwili viwili, au maji meupe yakidondoka puani baada ya ajali.

Na kesho ukiita boda, itisha helmeti, uifunge chini ya kidevu. Iwe inayofunika uso mzima kama ipo. Kinga hiyo haina usugu.