Muuguzi anatafuta nini anapompima mama mwenye mimba?

Wafanyakazi wenzetu, kila mtu aliyewahi kuingia mgodini anajua kazi ya kapita ya asubuhi. Kabla ya kikosi kuingia, yeye hugonga paa la shimo kwa chuma na kusikiliza. Jiwe zima hulia kama kengele. Jiwe lililoachana na mwamba hutoa sauti nzito, kama mtungi uliopasuka. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na siku nyingi haionyeshi kitu. Hata hivyo hakuna anayemwambia kapita kwamba ametupotezea wakati.

Lakini bibi akirudi kutoka kituo cha afya cha Kadutu, cha Bagira au cha kambini, na kusema, "Muuguzi amenipima, amesema nirudi tena," wengi wetu huuliza: amekupa dawa gani? Akijibu kwamba hakupewa dawa, tunaona pesa ya pikipiki imepotea bure. Basi leo tuelezane kitu ambacho muuguzi anatafuta, maana yeye pia anagonga paa.

Kwanza anafunga mkono wa mama kwa mashine ya tansio, yaani presha ya damu. Tansio ikifika 140 kwa 90, ambayo wauguzi wetu huandika mara nyingi 14/9, naye mama amepita juma la 20 la mimba, muuguzi anaanza kuwa na mashaka. Anaomba mkojo autazame kama una protini. Anauliza: kichwa kinauma? Macho yanaona ukungu? Tumbo linauma juu, chini ya mbavu? Uso na mikono vimevimba? Ugonjwa huo mwanzoni haumpi mama maumivu yoyote. Anapika, anafua, anabeba maji, na huku damu yake inapanda. Mwisho wake ni kifafa cha mimba: mama anaanguka, anatetemeka, anauma ulimi. Kwetu wapo bado watu wanaosema ni pepo au ni majirani wabaya. Si pepo. Ni tansio ambayo haikupimwa, au iliyopimwa na mtu mmoja akakataa kusikia.

Mtu huyo nilikuwa mimi. Bibi yangu alikuwa na mimba ya tatu, mwezi wa nane. Muuguzi aliandika 16/11 kwenye fishi na kusema waende hospitali siku ile ile. Ilikuwa siku ya jumatano, na mshahara ulikuwa utoke ijumaa. Nikasema tutakwenda jumamosi, bibi mwenyewe alikuwa anacheka na watoto. Muuguzi hakugombana nami. Alitufuata mpaka nyumbani jioni, akanionyesha ile namba tena kwa kidole. Nikamwambia ndiyo, ndiyo, ijumaa. Kifafa kilimshika usiku wa alhamisi. Bibi alipona. Mtoto hakupona. Fishi ile ninayo mpaka leo, na ndiyo sababu ukurasa huu niliomba niuandike mimi.

Dawa ya kuzuia kifafa hicho ipo, nayo si ya bei kubwa: ni manyezi salfeti, sindano ambayo muuguzi aliyefundishwa anaweza kuipiga kabla mama hajawekwa njiani. Jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2002, lililochukua mama zaidi ya 10,000 katika nchi 33, lilionyesha kwamba inapunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Lakini sindano haimtafuti mtu nyumbani kwake. Inamfikia yule aliyepimwa.

Kitu cha pili ni saa za uchungu. Hapa muuguzi na mkunga wana karatasi moja ambayo ingefaa kila mume aijue, maana ilitengenezwa Afrika kwa ajili ya watu wanaokaa mbali na daktari kama sisi. Inaitwa partogramu. Mwaka 1972 madaktari wawili, Philpott na Castle, waliitangaza kutoka Rhodesia, nchi inayoitwa leo Zimbabwe. Huko mama wengi walizalishwa na wakunga katika vituo vidogo, na shida ilikuwa moja: mkunga ajue lini kungoja na lini kutuma. Wakachora mistari miwili. Mlango wa uzazi ukifunguka sentimeta moja kila saa, alama zinafuata mstari wa kwanza, mstari wa onyo. Alama zikiuvuka, mama aanze safari. Mstari wa pili, wa kutenda, uko saa 4 mbele: ukifikiwa, mama awe tayari mahali penye daktari wa kupasua. Kwa hiyo zile saa 4 zilikuwa za barabara. Yeyote aliyekwama kwenye matope kati ya Mwenga na Bukavu wakati wa mvua anaweza kufikiri mwenyewe kama zinatosha.

Mwaka 2020 Shirika la Afya la Dunia (OMS) lilitoa karatasi mpya, kwa kuwa imeonekana kwamba mama wengi wazima hufunguka polepole kuliko sentimeta moja kwa saa na bado wakazaa salama. Karatasi imebadilika, kazi ya muuguzi ni ile ile: kukaa karibu na mama, kuhesabu, kusikiliza moyo wa mtoto, na kuandika. Asiyeandika anabahatisha.

Uchungu ukipita siku nzima na zaidi bila msaada, kichwa cha mtoto hukandamiza nyama kati ya kibofu na njia ya uzazi mpaka nyama inakufa na kutoboka. Hiyo ndiyo fistula: mkojo unatoka bila kukoma, na mara nyingi mtoto amekufa pia. Daktari anashona. Lakini muulizeni daktari yeyote wa fistula, atawaambia kwamba siku za baadaye ziko mikononi mwa wauguzi. Mrija wa mkojo ukiziba usiku mmoja tu bila mtu kuona, kibofu kinajaa na mishono inaachia. Basi muuguzi anapita na taa, anatazama kama mkojo unadondoka, anamhimiza mama anywe maji. Na mama aliyetoka kwenye uchungu mrefu, akiwekewa mrija mapema na kuachiwa siku kadhaa, nyama nyingine hupona bila hata kushonwa.

Mji wetu wa Bukavu unajulikana duniani kwa kazi hii. Dr. Denis Mukwege alizaliwa hapa mwaka 1955, nyumbani, na kitovu chake kikaingia uchafu akiwa mtoto wa siku chache. Mama yake alihangaika kumtafutia matibabu, na mwalimu mmoja wa Uswidi, Majken Bergman, ndiye aliyemwombea apokelewe mahali pa dawa. Mwaka 1983 Mukwege akiwa daktari kijana alikwenda Lemera, kusini mwa Bukavu, akaona mama wakifika wamechelewa, wengine wamebebwa mwendo mrefu milimani. Hapo aliamua kusomea uzazi na magonjwa ya wanawake, Ufaransa, mjini Angers. Hospitali ya Lemera ilishambuliwa tarehe 6 Oktoba 1996, wagonjwa na wauguzi wakauawa humo. Panzi ilifunguliwa mwaka 1999. Watu wanaijua kwa ajili ya wanawake waliobakwa vitani, na Mukwege alipewa zawadi ya Nobel ya amani mwaka 2018. Lakini shabaha ya kwanza ya kuijenga ilikuwa mama wa Bukavu wapate mahali pa kuzalia bila kufa.

Sasa damu. Mama akiisha kuzaa, muuguzi humpiga sindano ya ositosini ili tumbo la uzazi lijikaze. Dawa hii inataka friji, digrii 2 mpaka 8. Ikikaa muda mrefu kwenye joto nguvu yake inapungua, na kwa macho huwezi kuona tofauti. Mnaosimamia jenereta za kambi, mkiombwa mafuta ya friji ya maternite, msiyahesabu kama mafuta ya bia baridi. Damu ikipita nusu lita, ni hatari. Zamani ilikadiriwa kwa macho, na macho hudanganya. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo kutoka hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini: mama aliwekewa chini mfuko wa plastiki wenye alama za kupimia, na damu ilipofika alama, wakunga walifanya mambo yote pamoja bila kungoja, kukanda tumbo, dawa, maji ya mshipa, kutafuta damu inatoka wapi. Kutokwa damu kwingi na madhara yake makubwa vilipungua kwa 60 kwa mia. Mfuko wa plastiki wenye alama! Nasi tunaopima mafuta ya kamiyo kwa kijiti tunaweza kuelewa.

Jambo moja linatuhusu sisi watu wa madini peke yetu. Muuguzi akimuuliza bibi yako anafanya kazi gani, ajibu kweli. Kamituga wako mama wengi wanaotwanga mawe ya dhahabu, na vumbi lile linaharibu mapafu. Mbaya zaidi ni zebaki. Wapo wanaoichoma nyumbani, kwenye jiko la kupikia, mlango umefungwa ili jirani asione dhahabu. Moshi wake hauonekani vizuri, lakini mama akiuvuta unapita mpaka kwa mtoto tumboni na kuharibu ubongo wake. Kifuniko cha kitambaa puani hakizuii kitu. Zebaki isichomwe nyumbani, na mama mwenye mimba asiishike wala asikae karibu inapochomwa.

OMS tangu mwaka 2016 inashauri mama aonwe mara 8 wakati wa mimba, ya kwanza kabla ya juma la 12. Huko hupewa pia chandarua, dawa ya kuzuia malaria, vidonge vya chuma na chanjo ya pepopunda. Na tusiseme ni pesa tu: sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri agharimie matibabu ya mfanyakazi na familia yake, uzazi ukiwa ndani. Aliye na kitabu cha familia kisichoandikwa bibi, akiandikishe sasa. Nimeona mama akizuiliwa maternite na mtoto wake juma zima kwa ajili ya deni, wakati karatasi moja ilikuwa haijapigwa muhuri.

Mimba ikifika mwezi wa nane, jua majina ya watu wawili wanaoweza kutoa damu. Uwe na namba ya simu ya mtu wa pikipiki anayekubali kuamka usiku, na pesa yake iwekwe kando, si ya kukopesha. Kama mnakaa mbali, bibi aje mjini mapema akae kwa ndugu. Fishi ikae mahali ambapo hata mtoto mkubwa anapajua. Mkifika usiku kwenye maternite, mpe muuguzi fishi kwanza, halafu ndipo uanze kueleza.