Siku mbili Chefchaouen pamoja na mtoto anayesoma Maroko



Katika likelemba yetu, zamu ya mwezi huu imemuangukia mama ambaye kijana wake anasoma Fès, kule Maroko. Miaka mitatu hawajaonana. Viza ameshapata, tiketi ya ndege ya Kinshasa–Casablanca amelipa, na mtoto ameomba jambo moja: wapande pamoja hadi Chefchaouen, mji wa buluu ulio katika milima ya Rif. Siku ni mbili tu, na feza ni ya kuhesabu. Tumekaa naye kupanga, na tunawaandikia tuliyoyapanga, maana wenye watoto Maroko si yeye peke yake.

Treni haifiki kule. Kutoka Fès ni bisi, karibu kilometa 200 za milima, masaa mane hivi. Bisi ni chache kwa siku na viti huisha, kwa hiyo kijana anunue tiketi mapema, ya kwenda na ya kurudi pamoja. Feza yao ni dirham. Mama abebe dola, abadilishe katika benki au kwenye uwanja wa ndege, si kwa mtu wa njiani.

Sasa jambo la karatasi, nalo ndilo tulilolizungumza kwa muda mrefu. Chefchaouen iko upande wa kaskazini. Ukiendelea mbele kuna Tetouan, halafu Ceuta, mji ulio mikononi mwa Uhispania, na vijana wengi wa Afrika hujaribu kupita pale ili waingie Ulaya. Ndiyo sababu askari wa barabarani huwaangalia sana watu weusi walio katika bisi. Hatupendi hivyo, lakini safari hupangwa kwa hali ilivyo. Mama abebe paseporti yenyewe, si kopi. Kijana abebe kadi yake ya ukaaji na kadi ya mwanafunzi. Kama kadi ya ukaaji imepita muda, Chefchaouen isubiri! Wabaki Fès, nayo ina mengi ya kuona.

Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1471 na Ali ibn Rashid, kama ngome ya kuwazuia Wareno. Baadaye Waislamu na Wayahudi waliofukuzwa Uhispania walikuja kukaa humo. Binti wa huyo mwanzilishi aliitwa Sayyida al-Hurra, na hadithi yake tunaomba muwasimulie wasichana wenu: alitawala Tetouan katika karne ya 16, na sultani alipomposa mwaka 1541, si yeye aliyekwenda Fès. Sultani ndiye aliyekuja Tetouan kufunga ndoa.

Kwa nini kuta ni za buluu? Wengine husema ni desturi ya Wayahudi, wengine husema rangi hiyo hufukuza mbu au huleta ubaridi. Kila mtu ana jibu lake. Sisi tungeanzia Ras el-Ma, pale maji yanapotoka mlimani na wamama hufua nguo. Kutoka hapo, kwa mguu, mtu hupanda mpaka msikiti wa zamani ulio juu ya kilima, na mji wote unaonekana chini. Siku za soko ni Jumatatu na Alhamisi. Wamama wa vijijini hushuka na jibini ya mbuzi na mboga, wamejifunga vitambaa vya mistari myekundu na myeupe kiunoni kama sisi na vitenge vyetu. Kabla ya kuwapiga picha, omba ruhusa.

Chakula cha bei ndogo ni bissara, supu nzito ya maharagi makavu yenye mafuta ya zeituni juu, inashibisha. Lakini wakati wa Ramadani mikahawa mingi hufungwa mchana.

Kijana aambiwe jambo hili mapema: milima ile hulimwa bangi, na wauzaji hunong'oneza wageni katika vichochoro. Sheria ya mwaka 2021 iliruhusu kilimo chake kwa dawa na viwanda tu. Kuivuta bado ni kosa. Asijibu, aendelee kutembea.

Viatu viwe bapa, maana njia ni ngazi na mawe. Sweta pia, kwani usiku wa mlimani ni wa baridi. Na bisi ya kurudi wachukue ya asubuhi, si ya mwisho, kwa sababu kutoka Fès bado kuna treni ya Casablanca kabla ya ndege.