Kulipwa usilime

Shemeji yangu wa Sugar Land, Texas, ana shamba la pamba upande wa Lubbock, na kila Oktoba serikali humlipa asililime. Nilidhani ananitania. Kumbe mpango huo upo tangu 1985: unapanda majani yashike udongo usipeperuke, mkataba miaka 10 hadi 15, na malipo hayazidi dola 50,000 kwa mwaka.

Sasa kapata mnunuzi anayetaka kujenga. Akivunja mkataba, atarudisha kila senti aliyokwishapokea, na riba, na faini juu. Miaka saba hiyo! Na pesa zenyewe zimekwishalipia chuo cha binti yake. Angepatikana wa kuyaacha majani, mkataba ungehamia kwake salama.

"Shemeji, mtafute huyo," nimemwambia. Mjenzi anataka jibu Ijumaa.