Simu yako ya Android ina deni nawe

Mvuvi wa Longech kwenye Ghuba ya Ferguson, mwenye duka Kakuma, mwanafunzi Lodwar: ukiwa na Android, kuna kampuni inayokudai kimya ila nawe pia waidai. Unaidai msimbo chanzo.

Kila Android huendeshwa na kiini cha Linux, alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991. Leseni yake, GPL toleo la 2, inasema hivi: chukua, badilisha, uza hata kwa bei ghali, lakini mnunuzi akitaka msimbo, pamoja na mabadiliko uliyofanya, mpe. Kampuni isipouambatanisha na simu, inatakiwa itoe ahadi ya maandishi ya kuutoa kwa angalau miaka 3, bila kutoza zaidi ya gharama ya kuusambaza.

Sasa ya nini na jua hili la Turkana? Kwa sababu huku simu hatubadilishi kila mwaka. Kampuni ikiacha kutuma masasisho, mtu anayejua kazi anaweza kuiwekea simu Android mpya, bora awe na msimbo wa kiini. Akiukosa, kamera inagoma, mtandao haushiki, na simu nzima inageuka tochi.

Usidanganyike lakini. Sehemu kubwa ya Android iliyo juu ya kiini ina leseni ya Apache, na hapo kampuni ina ruhusa ya kuficha yake.

Ahadi yenyewe hujificha kwenye mipangilio, chini ya maelezo ya kisheria. Tuma barua pepe, taja modeli na toleo. Huhitaji wakili.