Ndoa ya Babu na Bibi Haionekani Kitabuni: Tuitafute Wapi?

Si jambo geni kwa mwamini kufika katika ofisi ya parokia kongwe, akaomba kutafutiwa ndoa ya babu na bibi yake, kisha akaambiwa kwamba haimo kitabuni. Huondoka na uchungu. Nyumbani, hasa pale marehemu alipoacha watoto wa nyumba mbili, jibu hilo hugeuka haraka kuwa hukumu: bibi hakuolewa, na watoto wake si wa ndoa. Makala hii inakusudia kueleza kwa nini hukumu hiyo mara nyingi hutolewa mapema mno, na mahali pengine pa kutafuta kabla ya kukata tamaa.

Kitabu cha Ubatizo ndicho ufunguo

Wengi huanza na Kitabu cha Ndoa na kuishia hapo. Ndoa huandikwa katika parokia ilikofungwa, na mara nyingi wajukuu hawaijui parokia hiyo. Lakini Kanisa liliweka njia ya pili. Kwa agizo liitwalo Ne temere, lililotolewa chini ya Papa Pio X mwaka 1907 na kuanza kutumika Pasaka ya mwaka 1908, ndoa ilipaswa kuandikwa pia katika Kitabu cha Ubatizo, kando ya jina la kila mwanandoa. Ikiwa mmoja wao alibatizwa parokia nyingine, taarifa ilipaswa kupelekwa huko. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inaushika utaratibu huo huo katika kanuni ya 1122.

Tuseme bibi alibatizwa Tosamaganga akiwa binti, kisha akaolewa mbali, upande wa Chunya, ambako vijana wengi walifuata kazi katika machimbo ya dhahabu ya Lupa. Mjukuu akipekua Kitabu cha Ndoa cha Tosamaganga hatapata kitu. Akitafutiwa ubatizo wa bibi, huenda pembeni pakaonekana mstari mmoja mfupi wenye jina la mume, tarehe na mahali. Mstari huo ndio utakaomwelekeza aende wapi.

Mstari huo usipokuwapo, tusihitimishe bado. Barua za wakati ule zilisafiri kwa miguu na kwa miezi, na si zote zilizofika.

Vitabu vilipita mikono mingi

Anayetafuta nyaraka katika Nyanda za Juu Kusini hana budi kuijua historia ya misioni zetu. Upande wa Iringa, Wabenediktini walifungua misioni ya Tosamaganga mwishoni mwa miaka ya 1890. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, wamisionari Wajerumani waliondolewa, na mwaka 1919 Wamisionari wa Consolata kutoka Italia wakaanza kuichukua kazi hiyo. Kwa hiyo mapengo ya miaka hiyo ya vita yasitushangaze. Upande wa Mbeya walifanya kazi Wamisionari wa Afrika, waliojulikana kwa jina la Mapadre Weupe.

Mipaka nayo ilibadilika. Eneo la kimisioni lililoundwa mwaka 1932 liliitwa Tukuyu, na jina la Mbeya lilikuja mwaka 1949. Hivyo nyaraka za zamani zaweza kubeba jina la Tukuyu. Njombe ilikuwa sehemu ya Iringa hadi ilipokuwa jimbo mwaka 1968, na Mafinga ilitengwa na Iringa Desemba 2023. Parokia nyingi za leo zilikuwa vigango vya parokia mama, na ndoa iliyofungwa kigangoni iliandikwa katika kitabu cha parokia. Swali la kwanza basi ni hili: wakati ule, kijiji chetu kilihudumiwa kutoka wapi?

Tukumbuke pia kwamba hapa kwetu Wakatoliki hawakuwa peke yao. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na Walutheri wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka huo huo. Yawezekana kabisa babu aliyezikwa Mkatoliki alifunga ndoa katika kanisa jingine.

Kusoma maandishi ya kale

Vitabu vya zamani viliandikwa kwa Kilatini. Tarehe iliyoandikwa 7bris si ya mwezi wa saba bali ya Septemba, maana kwa Kilatini jina la mwezi huo latokana na saba. Vivyo hivyo 8bris ni Oktoba. Majina ya ukoo yaliandikwa jinsi sikio la mgeni lilivyoyasikia: Mjerumani aliweza kuandika "j" mahali pa "y", na Mwitaliano "c" mahali pa "ch". Mke naye huenda akaandikwa kwa jina la ukoo wa baba yake. Kwa hiyo tutafute kwa jina la ubatizo, kijiji na majina ya wazazi, wala tusing'ang'anie herufi za jina la ukoo.

Ubatizo wa watoto nao hutoa ushahidi. Mtoto aliyeandikwa filius legitimus, yaani mwana halali, alitambuliwa na padre kuwa wa wazazi waliooana. Tukianzia kwa mtoto wa kwanza, tunapata walau miaka ya kutafuta.

Ndoa isiyohitaji kufungwa upya

Lipo jambo ambalo wengi hawalijui. Mume na mke wasiobatizwa, waliooana kihalali kwa mila, wanapobatizwa wote wawili, ndoa yao yenyewe huwa sakramenti bila kufungwa upya. Wakristo wetu wa kwanza wengi waliingia Kanisani wakiwa watu wazima wenye familia. Kwa wazee wa namna hiyo, Kitabu cha Ndoa chaweza kuwa kitupu na ndoa yao ikawa kamili mbele ya Mungu. Hapo tunatafuta ubatizo wa wote wawili na tarehe zake.

Namna ya kuomba

Vitabu hivi havifunguliwi kwa kila apitaye. Hata hivyo kanuni ya 487 inawapa wahusika haki ya kupata nakala ya nyaraka zinazohusu hali yao, zile ambazo kwa asili yake si za siri. Anza nyumbani: waulize wazee, tafuta kadi na vyeti vya ubatizo, andika majina ya wasimamizi. Kisha mwandikie paroko, ukitaja majina, kijiji na miaka ya kukadiria, naye au katibu wake akutafutie. Kitabu kisipokuwapo parokiani, uliza kwa Kansela wa Jimbo.

Paroko hawezi kuandika cheti cha ndoa asiyoiona kitabuni, na tusimshurutishe. Masuala ya mirathi nayo huamuliwa na mahakama, ambako cheti ni ushahidi mmoja kati ya mingine. Lakini hata utafutaji uishe bila jibu, hakuna mwenye haki ya kusema kwamba kitabu kimemhukumu bibi. Kitabu kimenyamaza tu. Tuwaombee wazee wetu, hasa mwezi wa Novemba, na vyeti vya ndoa zetu wenyewe tuviweke mahali ambapo wajukuu wetu watavikuta.