Pikipiki Ikila Petroli, Usikimbilie Jeti



Siku hizi pikipiki ndiyo punda wa shamba. Asubuhi hupeleka maziwa, mchana huleta mbolea, na mtoto akiugua usiku ndiyo inayomfikisha zahanati. Ikianza kutoa moshi mweusi, fedha ya maziwa huishia tangini. Wengi wetu husema mara moja, "Itiwe jeti ndogo." Mimi pia nilisema hivyo, nusura nipoteze injini.

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, nakaa Mashimoni, Kibera. Pikipiki yangu ilipotoa moshi nilinunua jeti ndogo, nikaitia mwenyewe mbele ya mlango wangu. Moshi ukaisha, nikajisifu. Mwezi uliofuata nikaosha kichujio cha hewa, kisha nikafunga safari ya Mwea. Njiani injini ikawa moto kupita kiasi na nguvu zikapungua. Nilipofungua plagi niliikuta nyeupe kama chokaa.

Kosa lilikuwa langu. Vumbi lilikuwa limeziba kichujio, nami nikapunguza petroli badala ya kufungua njia ya hewa. Hewa iliporudi, petroli haikutosha. Na petroli isipotosha, injini hupata moto hata pistoni ikaharibika.

KAZI YA KABURETA

Kabureta huchanganya hewa na petroli. Petroli hukaa katika bakuli lenye boya, na hupita katika matundu madogo yaitwayo jeti. Jeti ndogo hutumika pikipiki ikinguruma imesimama au ikienda polepole. Katikati ya mwendo hutawala sindano. Jeti kubwa hutawala unapofungua aksileta karibu yote, kama vile unapopanda mlima na mzigo.

TAZAMA HAYA KWANZA

1. Safisha kichujio cha hewa, au weka kipya.
2. Hakikisha choki inarudi mahali pake.
3. Tazama kama petroli inavuja. Huenda boya halifungi vizuri.
4. Fungua plagi uitazame. Rangi ya chai ya maziwa ni njema. Nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Nyeupe, petroli imepungua.

Kazi hii ifanyie nje, mbali na jiko na sigara, injini ikiwa imepoa. Nyumba za kwetu Mashimoni zimebanana, na moto wa mmoja ni moto wa wote. Funga koki ya tangi, kinga petroli kwa kopo, na watoto wakae mbali. Jeti iliyoziba ipulize kwa pampu. Usiitoboe kwa waya, kwa maana tundu likipanuka jeti imekufa.

KUREKEBISHA SKURUBU

Pasha injini moto, kisha uizime. Kaza skurubu ya mchanganyiko polepole mpaka ikome, huku ukihesabu mizunguko, uiandike. Usiikaze kwa nguvu. Irudishe ilipokuwa, washa injini, kisha izungushe robo kwa robo mpaka injini ingurume kwa kasi na bila kusita. Halafu punguza kasi kwa skurubu ya mwendo.

Angalia sana: skurubu iliyo upande wa kichujio hutawala hewa, na ukiilegeza petroli hupungua. Iliyo upande wa injini hutawala petroli, na ukiilegeza petroli huongezeka. Wengi hukosea hapa.

WAKATI WA KUBADILISHA JETI

Ukiwa umefanya hayo yote, na pikipiki bado inasita na kutoa moshi mweusi aksileta ikiwa wazi, huenda sababu ni mahali ulipo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Mwea ni karibu mita 1,200, na Kinangop ni karibu mita 2,500. Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi. Huko Kinangop, ambako mashamba makubwa ya walowezi yaligawanywa miaka ya 1960, hewa imepungua kwa zaidi kidogo ya sehemu moja kwa tano kuliko Mombasa. Jeti iliyofaa pwani huko humwaga petroli ya bure.

Namba ya jeti kubwa huandikwa juu yake, na namba ikizidi, tundu limezidi. Shuka hatua moja tu. Panda kilima aksileta ikiwa wazi, mahali pasipo magari. Kisha shika klachi, zima injini, simama. Plagi ikipoa kidogo, itazame. Ikiwa ingali nyeusi, shuka hatua nyingine. Ikielekea weupe, rudisha iliyotangulia. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ama sivyo hutajua kilichoponya wala kilichoharibu.

Pikipiki nyingine mpya hazina kabureta. Hupuliza petroli kwa nguvu ya umeme. Hizo mwachie fundi.

Mwisho, usitupe jeti ya zamani. Ifunge katika kitambaa pamoja na karatasi ya hesabu zako. Ukiuza pikipiki kwa mtu wa bondeni, au wewe mwenyewe ukihamia chini, irudishe kabla ya kupakia mzigo. Mimi yangu nilikuwa nimeiweka kwenye mkebe wa misumari, na ndiyo iliyookoa injini yangu. Akiba haiozi.