Bukta ya Baisikeli Haitoboki Bure: Anza na Kiti

Anayepanda baisikeli kwa mazoezi analijua tatizo hili. Bukta ya kubana hainunuliwi kwa bei ya mchicha, lakini baada ya miezi michache inapauka kwenye paja, inakuwa nyepesi kama chachi, kisha inatoboka. Lawama za kwanza humwendea muuzaji.

Hapa Eldoret, mimi mtu wa Pwani, zilinitoboka mbili mfululizo. Moja nilinunua mpya, ya pili ya mtumba, tena za viwanda tofauti. Zote zilitoboka pahali pamoja: paja la kulia, upande wa ndani. Hapo ndipo penye fununu. Lau kitambaa kingekuwa kibovu, kila bukta ingeharibika kivyake. Kilichoziunganisha hizi mbili ni kiti.

Tupige hesabu kidogo. Mpandaji wa kawaida huzungusha pedeli kama mara 80 kwa dakika, yaani mara 4,800 kwa saa. Kutoka Eldoret hadi Iten ni kilomita 35 hivi, na njia inapanda. Safari ya saa tatu ni misuguano 14,400 kwa kila paja. Penye kwaruzo dogo tu, hiyo ni tupa inayokata nyuzi pole pole.

Kulitafuta kwaruzo hilo kwa macho ni kazi bure. Nilichukua kipande cha pamba nikakipitisha juu ya kiti chote, hasa ubavuni. Upande wa kulia pamba ikanasa. Ngozi ya kiti ilikuwa imekwaruzika pale ambapo baisikeli huegemezwa ukutani. Msasa laini na kiraka vilitosha.

Mahali pa tundu pana maana yake. Likiwa upande mmoja tu, kagua kiti, na uangalie kama kimepinda. Yakiwa pande zote mbili, huenda kiti ni kipana mno, au kimeinuliwa sana hata nyonga zinayumba kila unapokanyaga. Pakichakaa chini unapokalia, yawezekana kiti kimeinama mbele, nawe unateleza na kujirudisha safari nzima.

Kuna na adui wa pili: vumbi. La huku ni jekundu, la barabara za murram. Kwetu ni mchanga wa ufuoni. Chembe zikiingia kwenye kitambaa chenye jasho, hukisaga kutoka ndani, na jasho likikauka huacha chumvi inayokwaruza vile vile. Kwa hivyo pangusa kiti kabla ya kupanda, na ufue bukta kila baada ya safari.

Ufuaji nao una mambo yake. Mvutiko wa bukta hutokana na nyuzi za elasteni, na nyuzi hizo huharibiwa na klorini na joto kali. Tumia maji baridi na sabuni kidogo, usitie dawa ya kung'arisha nguo, usipige pasi, na uanike kivulini.

Haya si mambo ya pesa peke yake. Kitambaa kikiisha, ngozi ndiyo inayosuguliwa, na kidonda cha paja kwenye joto la Mombasa au Lamu hakiponi upesi. Tena kuna suala la sitara. Kwa kauli ya wanazuoni wengi, uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Bukta huanza kuonyesha mwili kabla haijatoboka, na wewe uliyeinama juu ya baisikeli huoni. Anayeona ni aliye nyuma yako. Hata ukivaa suruali pana juu yake, kiti chenye kwaruzo kitaila hiyo nayo.

Basi kabla ya safari, inyooshe bukta mbele ya mwanga. Ukiona vidole vyako upande wa pili, wakati wake umekwisha. Na kabla ya kununua nyingine, pitisha pamba kwenye kiti.